Kidevu Changu na Mlango wa Bluu

Jumatatu, 3 Juni

Barakoa zimefika! Maboksi kumi na mawili, na aliyeyashusha alibeba manne kwa mkono mmoja. Nikadhani ni matupu. Nikafungua moja, kwa kuwa mimi ndiye karani wa mapokezi na kila kinachoingia hospitali hii hupita kwangu kwanza. Ndani: vitu vyeupe, vigumu kidogo, umbo la bakuli dogo. Mipira miwili ya kuvuta nyuma ya kichwa. Kiwaya chembamba cha kubana pua. Nikaweka moja kiganjani. Kama sijashika kitu.

Eti hiki ndicho kitakachotukinga! Wodi ya mafua imejaa tangu wiki iliyopita. Mtu anaingia kwa miguu yake akilalamikia foleni, kesho yake hawezi kuinua kijiko.

Sista, mkuu wa wauguzi, akatukusanya chumba cha mikutano. Ni mwanamke mfupi, sauti ndogo, lakini akisema "kaeni," hata waliokwisha kaa wanakaa upya. Akaeleza kwamba ndani ya barakoa hii kuna nyuzi zenye umeme. Umeme mdogo, haurushi mtu. Vijidudu vikijaribu kupita vinanaswa, kama vumbi linavyong'ang'ania kioo cha televisheni. Umeme! Usoni! Bila betri wala waya! Nikabaki mdomo wazi. Mwenzangu wa mapokezi, tunayemwita Chapuchapu, akaninong'oneza niufunge, nzi wapo.

Halafu habari mbaya. Barakoa hii lazima igusane na ngozi pande zote. Penye nywele pana upenyo, na penye upenyo hewa haina haja ya kupita kwenye kichujio. Sista aliyasema hayo akiniangalia mimi. Watu arobaini wakageuka kuniangalia. Kwa hiyo: mwenye ndevu hapimwi, asiyepimwa hapati kadi ya kijani, asiye na kadi ya kijani havuki mlango wa bluu wa wodi ya mafua.

Na wanatafutwa makarani wawili wa kupeleka mafaili humo ndani. Wataitwa Wajumbe wa Wodi. Picha zao zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo! Chapuchapu, mwenye kidevu laini kama yai la kuchemsha, alinyoosha mkono kabla Sista hajamaliza sentensi.

Ndevu zangu zina miaka kumi na moja. Nilizianza kabla sijaoa. Mke wangu hajawahi kuona kidevu changu, na mimi mwenyewe nimekisahau. Sinyoi ng'o! Lakini mlango ule nitauvuka.

Jumanne, 4 Juni

Mbinu ya kwanza: mafuta ya kupaka. Nusu kopo. Nimezilaza ndevu zote, nikazibana kwenye ngozi kwa kiganja hadi zikatulia. Kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi nilifanana na samaki aliyetolewa majini sasa hivi, lakini barakoa ilikaa. Ilikaa vizuri kabisa!

Kwa dakika moja. Nilikuwa katikati ya korido nilipohisi inapanda. Taratibu, bila fujo, kama mtu anayeondoka kwenye mkutano asionekane. Ikavuka pua. Ikafika machoni. Nikagonga toroli la chakula cha mchana. Chapuchapu ndiye aliyeniokota, akaniuliza kwa upole kama nimepofuka.

Mwenyewe alikuwa anakwenda kupimwa. Nilichungulia kupitia kioo cha mlango. Unavaa barakoa, kisha unafunikwa kichwa kwa kofia kubwa ya plastiki, mfano wa ndoo iliyopinduliwa, yenye dirisha mbele. Sista anapulizia ndani dawa chungu. Wewe unageuza kichwa, unainama, unasoma kwa sauti. Ukionja uchungu, barakoa inavuja. Usipoonja, imekufunga. Chapuchapu alisoma ukurasa mzima bila kukunja uso. Nilimwonea kijicho, sikatai. Lakini zaidi nilishangaa. Mtu amesimama ndani ya wingu la uchungu, anasoma kanuni za kunawa mikono, na lile wingu halimgusi!

Amepigwa picha. Ametabasamu hadi magego.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimeonyesha akili. Asubuhi mama mkwe, tunayeishi naye, alilalamika kwamba karafuu aliyoitafuna kwa ajili ya jino imempa ganzi ulimi mzima hadi chai haina ladha. Kikombe changu kikasimama hewani. Ganzi! Ulimi mzima! Nikachota konzi nzima ya karafuu, nikaiweka mfukoni.

Bahati ikanifuata hadi kazini. Sista alikuwa kikaoni, na anayepima alikuwa bwana mmoja wa maabara, amechoka, foleni imefika ngazini. Akazitazama ndevu zangu, akashusha pumzi. Akasema hairuhusiwi, lakini hana nguvu ya kubishana na mtu mzima, kipimo kitasema chenyewe. Kwanza akanipulizia bila barakoa, ahakikishe naonja. Mama yangu! Kama nimelamba betri ya gari! Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Huko nikatafuna karafuu tisa.

Niliporudi nikasema niko "tayali." Akauliza mbona ulimi mzito. Nikamwambia jino. Akanifunika ile ndoo, akapulizia, nikasoma, nikageuka, nikainama. Sikuonja kitu. Hata ningepewa sabuni nisingeonja.

Kadi ya kijani! Chapuchapu ni mjumbe wa asubuhi, mimi wa mchana. Nimejiangalia kwenye ubao wa matangazo mara sita. Ndevu zimetoka vizuri sana pichani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeuvuka mlango wa bluu.

Nilidhani nitaandika ukurasa mzima juu ya jinsi nilivyoingia. Nimeingia tu, na hakuna aliyegeuka. Vitanda thelathini, safu mbili, madirisha yote wazi. Hakuna anayeongea. Unachosikia ni pumzi. Pumzi thelathini, kila moja na mwendo wake, kama watu wanaopanda kilima kimoja kwa njia tofauti. Wauguzi wanapita katikati, barakoa usoni, miwani mikubwa juu yake, na hakuna anayekimbia, wala hakuna anayesimama.

Muuguzi mmoja alitoka kwenda chumba cha kubadilishia, akavua barakoa yake. Usoni alikuwa na mfereji, umetoka shavu hili, ukapanda juu ya pua, ukashuka shavu la pili. Mwekundu, umezama. Alikuwa ameivaa tangu alfajiri, hajanywa maji. Akaniuliza ni saa ngapi. Nilipomwambia akacheka, akanywa maji bilauri mbili, akachukua barakoa mpya, akarudi ndani.

Nikabaki nimeshika mafaili. Miaka tisa nimefanya kazi hatua ishirini kutoka kwa watu hawa, na neno langu kwao limekuwa moja: "Weka sahihi hapa."

Wakati wa kutoka kuna utaratibu. Unavua kwa kuvuta mipira ya nyuma, mbele huigusi, unatupa kwenye pipa la njano. Ya kuvaa mara moja na kutupa. Kutupa! Kitu chenye umeme ndani! Nilishindwa. Nikaangalia huku na huku, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Nyumbani niliwaeleza kila kitu. Mke wangu alikuwa chumbani ananyonyesha kichanga chetu cha wiki sita, akapaza sauti kwamba anasikia, kumbe hasikii. Lakini mama mkwe alisikiliza! Miaka minane ya kuishi naye, hajawahi kunisikiliza hivyo. Aliishika barakoa, akaigeuza, akavuta mipira, akaigonga kwa kidole. Mwisho akaivaa, akavuta pumzi mbili tatu, akasema kutokea humo ndani kwamba kweli binadamu ana akili. Akaiweka rafuni karibu na redio, kama pambo.

Furaha kubwa.

Ijumaa, 7 Juni

Mambo yameharibika.

Mpango ulikuwa kumkwepa Sista. Kila nilipomwona kwa mbali niliinua faili mbele ya kidevu. Alipokuwa karibu, mafaili mawili. Mchana nilikuwa wodini na mafaili matano, nimebakiza macho tu, naye yuko kitanda cha mwisho anamgeuza mgonjwa. Hakuniangalia kabisa. Alimaliza kumgeuza, akamfunika shuka vizuri, akaja moja kwa moja.

"Karani. Shusha."

Nikashusha. Ndevu zilikuwa zimechomoza chini ya barakoa kama majani chini ya mlango. Akanitoa nje, akachukua kile kipulizio, akapuliza mara moja mbele ya uso wangu, barakoa ikiwa imevaliwa. Nilikohoa hadi machozi. Betri ya gari, ileile!

Akaichukua kadi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Ndevu ni zako," alisema. "Mimi nataka kujua jambo moja. Jioni unarudi kwa nani?"

Nikamwambia. Mke. Kichanga cha wiki sita. Mama mkwe mwenye pumu.

Akaitia kadi mfukoni. Kisha akauliza ile barakoa ya jana niliitupa wapi.

Nikasema pipa la njano.

Nimerudi nyumbani nusu natembea, nusu nakimbia. Ilikuwa rafuni bado. Nimeishika kwa koleo la mkaa, nikaifunga ndani ya mifuko mitatu, nikaiondoa. Nimesugua rafu, redio, kitasa. Mama mkwe nimemwambia anawe mikono. Akauliza kuna nini. Nikasema usafi tu, mama.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe anaumwa.

Asubuhi alikohoa mara mbili wakati wa chai. Saa nne alikuwa kitandani, amejikunja. Saa sita hakuweza kumaliza sentensi. Mwanamke huyu humaliza sentensi zake na zangu! Jirani akatutolea gari. Amevuka mlango wa bluu akiwa kwenye machela, mimi nikabaki upande huu, mikono mitupu, sina kadi.

Sista alipotoka nilimwambia ukweli wote. Mfuko wa shati. Rafu. Jinsi alivyoivaa na kuvuta pumzi. Nilitegemea kibao, na ningekipokea.

Akaketi kwenye benchi karibu nami. Alisema labda ni hiyo. Labda si hiyo, mafua yako mji mzima. Hakuna atakayejua. Nimelitumia neno "labda" maisha yangu yote, kila nilipobanwa nilijificha nyuma yake. Leo limenikalia kifuani.

Kisha akasema wauguzi hawatoshi. Kila mgonjwa anaruhusiwa ndugu mmoja wa kukaa naye, kumnywesha maji, kumwita muuguzi. Ndugu huyo lazima awe na kadi, na awe ameipata kihalali. Mke wangu hawezi, ana mtoto mchanga. Sista akauliza nani mwingine.

Hakuna mwingine.

Jumatatu, 10 Juni

Mkasi kwanza, halafu wembe. Mke wangu alishika kioo. Ndevu zimejaza gazeti zima.

Alinitazama kwa muda mrefu. Kushoto, kulia, mbele. Kisha akasema, "Kumbe."

Nikamuuliza kumbe nini. Akasema hamna kitu, akaenda chumbani. Nilimsikia anacheka. Nikasikiliza vizuri, alikuwa analia. Nikasikiliza tena, alikuwa anafanya yote mawili. Kichanga kiliponiona kikapiga ukelele kama kimeibiwa.

Kidevu chenyewe ni kidogo. Kina shimo katikati. Sikumbuki kuwa nacho.

Sista alinipima mwenyewe, na akaninusa kwanza asije akakuta karafuu. Akanionjesha uchungu bila barakoa. Ulikuwepo, tena mwingi. Kisha nikavaa. Mpira wa juu, mpira wa chini, waya nikaubana puani kwa vidole viwili. Ndoo ikashuka kichwani. Akapuliza mara kumi. Niliyaona matone madogo yanatua kwenye dirisha la plastiki mbele ya macho yangu. Nikageuka kushoto. Nikageuka kulia. Nikainama. Nikasoma kanuni za kunawa mikono.

Hakuna kitu!

Wingu lote lile limenizunguka, nami navuta hewa safi kama niko juu ya paa asubuhi. Nikasoma tena, Sista akaniambia inatosha. Nikaomba asubiri kidogo. Nilitaka kukaa humo. Nimeishi miaka arobaini na mbili sijui kwamba kitu chepesi hivi kinaweza kusimama kati ya mtu na balaa, na kinachohitaji kwako ni kwamba usikidanganye.

Sista akasema, "Sasa imekufunga."

Nikavaa joho, kofia, miwani ya kukinga. Nikaingia. Mama mkwe alikuwa kitanda cha nane, mirija ya oksijeni puani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikaketi. Akafungua macho.

"Daktari," akasema.

Nikafungua mdomo kumsahihisha. Nikaufunga.

Akaongea kwa vipande, pumzi moja maneno manne. Alisema, "Daktari, mwanangu, nina mkwe. Karani wa hapohapo mapokezi. Ana ndevu kama zulia. Msimruhusu aingie huku." Nikauliza kwa nini, kwa sauti nzito. Akasema, "Atafanya ujanja wake. Atapenya. Halafu ataugua, na binti yangu ana mtoto mchanga." Akapumzika. Nikadhani amemaliza. Akasema, "Kelele nyingi yule. Lakini mume wangu alipofariki, alikuja kila siku, akaketi, akaniporojea upuuzi mpaka nikasinzia. Siku arobaini. Usimwambie nimesema."

Nikaahidi sitamwambia.

Miwani ya kukinga ikijaa ukungu huwezi kuifuta. Hilo hawakutufundisha.

Jumanne, 11 Juni

Nilikusudia kumwambia ukweli leo. Nilifika na sentensi yangu tayari.

Nikakuta mzozo. Wauguzi wanamtaka aketi wima na kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa, kifua kisizibe. Amegoma. Anasema daktari wake hajaagiza. Wakamuuliza daktari yupi. Akaninyooshea kidole.

Sista akanivuta pembeni. Nikakiri. Alinitazama kwa muda ambao mtu anaweza kusoma faili lote na viambatanisho vyake. Kisha akasema ukweli nitausema akipata nguvu, na isipite wiki. Kwa sasa niende nikamketishe yule mama.

Nikaenda. Nikakohoa kidaktari. Nikasema, "Mama, keti. Vuta pumzi. Mara kumi."

Akaketi! Akavuta! Moja, mbili, hadi kumi, macho yamenikazia kama mwanafunzi! Miaka minane sijawahi kumwomba hata asogeze mguu nipite akakubali. Nimeona mengi wiki hii, lakini hili limenimaliza.

Sasa, mimi ni binadamu. Nyumbani kwetu kuna kiti kimoja cha maana, cha dirishani, chenye mto, na tangu ahamie kwetu sijakikalia. Ulimi ukateleza. Nikasema kwamba kwa kifua kama chake, upepo wa dirishani haufai, akiruhusiwa aachie kiti hicho mtu mwenye afya. Mkwe, kwa mfano.

Akatafakari. Akasema kama ni kwa ajili ya kifua, sawa.

Uwezo wa ajabu!

Jumatano, 12 Juni

Homa imepanda. Hakumtambua mtu leo, hata daktari wake.

Daktari wa kweli alikuja mara tatu. Mara ya tatu alisimama miguuni pa kitanda, akaandika, akaondoka. Mimi nilishika kijiko. Maji, tone kwa tone, midomoni. Nilihesabu pumzi zake, nikawa navuta zangu pamoja nazo, kana kwamba ningeweza kumsukuma kwa nyuma.

Nilimwambia yote. Kwamba si daktari. Kwamba ni mimi, zulia limenyolewa. Kwamba ile barakoa ilikuwa na vijidudu vya wodini, nami niliileta nyumbani ili anisikilize, basi, ili tu anisikilize. Hakusikia.

Sista alikuwa nyuma yangu, sijui tangu lini. Akanigusa bega. Akasema barakoa yangu imelowa, nikabadilishe.

Nikavua kwa mipira ya nyuma. Nikaisimamia juu ya pipa la njano hadi ilipotua chini. Kwenye kioo nikauona ule mfereji: shavu, pua, shavu. Nikamwuliza muuguzi aliyekuwa ananawa ni saa ngapi. Akaniambia. Nikacheka, na sikujua kwa nini nacheka. Nikanywa bilauri mbili, nikachukua mpya, nikarudi.

Ijumaa, 14 Juni

Homa imeshuka!

Alfajiri jasho lilimtoka, shuka likalowa. Saa mbili akafungua macho akasema mto ni mgumu. Saa tatu akasema chai ni maji ya kuoshea vikombe. Saa nne alimwambia muuguzi jinsi ya kutandika kitanda. Nilisimama hapo nikimsikiliza. Sijawahi kusikia kitu kitamu namna hii! Wodi nzima ilisikiliza. Mzee wa kitanda cha tisa akasema naam, huyo amepona.

Lazima niandike pia kuhusu Chapuchapu. Wiki nzima amefanya kazi yangu na yake. Kila saa sita ameniwekea chupa ya maji kwenye chumba cha kubadilishia, na hakunitajia hata mara moja. Amepanga mafaili yangu kwa herufi. Sikumwomba. Nitaanza kumchukia tena Jumatatu, leo sina nafasi.

Jumatatu, 17 Juni

Mama mkwe ameruhusiwa. Ameingia nyumbani kwa miguu yake, amebusu kichanga, amekagua jiko, amekielekea kiti cha dirishani. Akasimama. Akasema daktari amekataza. Akaketi kwenye kigoda!

Nikakalia kiti. Jamani, dirisha lile! Kumbe unaona hadi barabara kubwa!

Ndipo akanitazama. Akauliza uso wangu umepatwa na nini. Sista alikuwa amesema isipite wiki, basi nikavuta pumzi, nikasema. "Mama, hapakuwa na daktari. Daktari ni mimi."

Alicheka hadi mke wangu akakimbilia kipulizio cha pumu. Alipopata pumzi alisema, "Baba, usiibe shukrani za watu. Daktari wangu ni mrefu. Ana maneno machache. Mikono yake ina joto. Wewe unaweza kukaa kimya hata kwa muda wa mimi kumeza kidonge kimoja?"

Nikamgeukia mke wangu anitolee ushahidi. Akasema yeye hakuwepo wodini, hawezi kujua. Anajua! Nilimweleza kila jioni!

Nikamwambia pia kuhusu barakoa ya mfukoni. Hilo aliliamini papo hapo. "Hilo ni lako kabisa," alisema. Akavuta birika karibu. Akasema jirani naye alimkoholea Ijumaa, na kwamba barakoa ile hakuna aliyemvalisha, aliivaa mwenyewe. Kisha akanimiminia chai. Hajawahi kunimiminia chai. Nilikunywa bila kusema neno, na hata hapo hakunitambua.

Jumatano, 19 Juni

Huyu daktari hanipi nafasi.

Nikiacha kikombe mezani, daktari asingekiacha. Nikicheka, daktari alikuwa mtulivu. Jana nilimshauri mama mkwe afanye zoezi la pumzi mara kumi, ushauri wangu mwenyewe! Akaniambia nisijifanye najua, nimwachie daktari. Leo asubuhi alimuuliza mke wangu kama daktari yule ameoa. Mke wangu akajibu kwamba amesikia ana kidevu kizuri, chenye shimo. Wakacheka wote wawili!

Nimekaa kwenye kiti changu cha dirishani na hakina raha. Ni kama amenipa yeye. Na eti ni mrefu! Amenizidi urefu!

Lazima achukuliwe hatua. Leo mchana nimeandika barua ya malalamiko kwa hospitali. Kurasa mbili. Nimeeleza kwamba kuna daktari asiye na jina kwenye wodi ya mafua, anayeingilia mpangilio wa viti vya watu majumbani na kuwapotosha kina mama wakwe. Nimependekeza ahamishwe, mbali. Mwandiko nimeulaza kushoto ili nisijulikane. Mwisho nimetia sahihi: Mkwe Asiyejulikana.

Barua za hospitali hupokelewa mapokezi, na zamu ya kesho ni yangu. Nitaipokea, nitaigonga muhuri, nitampelekea Sista kwa mkono wangu mwenyewe na kusimama hapohapo akiisoma.

Hawezi kushuku kitu.